Mtandao Dhaifu Ofisini: Kupima Kwanza, Kununua Baadaye

Mtandao usio na waya unapodhoofika katika ofisi ya shule au ya umma, barua ya kwanza kuandikwa kwa kawaida ni ya kuomba fedha za kununulia kifaa chenye nguvu zaidi. Kifaa huja, huwekwa palepale alipokuwa mtangulizi wake, na baada ya majuma machache karani wa masjala huonekana tena barazani, simu mkononi, akitafuta mahali penye mawimbi. Lawama hupewa kifaa, au aliyekiuza. Ni nadra sana kusikia kwamba lawama imepewa kabati.

Hata hivyo, kabati ndilo linalostahili kuchunguzwa kwanza. Mwaka 1888 mwanafizikia wa Kijerumani Heinrich Hertz, akifanya majaribio katika ukumbi wa mihadhara mjini Karlsruhe, alisimamisha bati la zinki na kuonyesha kwamba mawimbi ya redio huakisiwa na metali, kama mwanga unavyoakisiwa na kioo. Mawimbi ya waifai ni ya jamii hiyohiyo, ila ni mafupi zaidi: katika frikwensi ya gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni kama sentimita 12.5, na katika gigahezi 5 ni sentimita 6 hivi. Kwa mawimbi hayo kabati la chuma la majalada halina tofauti na bati la Hertz. Ajabu ni kwamba ruta, yaani kifaa kinachosambaza mawimbi, mara nyingi huwekwa sakafuni nyuma ya kabati hilo, katika chumba cha pembeni kabisa mwa jengo, kwa sababu tu waya wa nje uliingilia hapo. Kuta za zege lenye nondo huzidisha taabu. Na katika majengo ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, unene wa kuta za mawe ya matumbawe unatosha kuugawa mtandao chumba kwa chumba.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na hapa hesabu ya logi, ambayo wanafunzi wengi huiona haina kazi nje ya mtihani, ndiyo inayofumbua fumbo. Tuseme ruta inatoa miliwati 100, ambazo ndizo kikomo kilichowekwa na nchi za Ulaya kwa gigahezi 2.4. Kwa kipimo cha desibeli zinazolinganishwa na miliwati moja, hizo ni 20. Simu inayosoma -70 bado inafanya kazi, japo imepokea sehemu moja tu katika bilioni ya nguvu iliyotolewa. Sasa, kuongeza nguvu ya ruta mara mbili huleta desibeli 3 tu. Mahali pa wazi umbali huongezeka mara 1.4, wala si mara mbili. Ukuta mmoja wa zege waweza kula desibeli 10 au zaidi, maana yake ni kwamba sehemu moja katika kumi, au pungufu ya hapo, ndiyo inayopenya. Basi anayeitoa ruta nyuma ya kabati na kuipandisha karibu na dari, katikati ya ushoroba, amepata bure kile ambacho mwenye kununua nguvu maradufu hakukipata.

Tena mazungumzo haya ni ya pande mbili. Kipaza sauti cha msikiti husikika mtaa mzima, lakini aliye nyumbani akijibu kwa sauti yake ya kawaida hasikiki msikitini. Simu ina betri ndogo na antena ndogo. Ruta ikipiga kelele mno, simu itaonyesha vijiti vyote vya mawimbi ilhali majibu yake hayafiki.

Katika majengo ya mjini yenye wapangaji wengi, tatizo huwa si uhaba wa mawimbi bali wingi wake. Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ambazo hutumiwa zaidi ni tatu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Kila mpangaji anapoongeza kifaa pasipo kuuliza majirani wako chaneli gani, wote hupunguziwa zamu ya kusema. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, ingawa hupenya ukuta kwa shida zaidi, kwa hiyo yafaa chumba kilekile chenye ruta. Jengo likiwa refu, hapana budi kuweka kifaa cha pili. Nacho kiunganishwe kwa waya. Vile virudishi vinavyopokea na kutuma kwa chaneli ileile hulazimika kusema kila neno mara mbili, na kasi hushuka kwa takriban nusu.

Hutokea pia kwamba mawimbi ni mazuri kila chumba, ila njia ya kutoka nje ya jengo ndiyo nyembamba. Hapo ruta mpya haitafaa kitu.

Mambo haya hayazidi uwezo wa kidato cha nne. Shule hufundisha uakisi, ufyonzwaji, na kanuni kwamba nguvu hubaki robo umbali unapozidi mara mbili, kisha huliacha somo ubaoni, huku fedha za shule zikinunua vifaa visivyohitajiwa katika chumba cha jirani. Atakayesema kwamba walimu hawana muda atakuwa na haki kiasi. Muhtasari wa masomo ni mrefu. Lakini kazi yenyewe ni ya vipindi viwili. Simu ya mwalimu inatosha, kwa kuwa katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, na programu za bure huonyesha desibeli kwenye simu nyingi za Android. Wanafunzi wachore jengo la utawala kwenye karatasi ya grafu, wapime kila baada ya mita mbili, waunganishe alama zenye namba sawa kama wafanyavyo katika ramani za jiografia, kisha ruta isogezwe na vipimo virudiwe. Ramani zote mbili zipelekwe kwa mkuu wa shule kabla hajatia sahihi ombi la ununuzi.