Kupokezana Si Uvivu

Jumamosi alfajiri nilikimbia kilomita 10, nikavuka Daraja la Tanzanite upepo wa bahari ukinirudisha nyuma. Jumapili, miguu ingali mizito, nikawa nasubiri zamu yangu kwenye triathloni ya kupokezana. Shemeji alishaogelea mita 750, mpwa wangu alikuwa barabarani na kilomita 20 za baiskeli. Zangu zilibaki 5 za miguu. Wapo wanaotubeza, eti triathloni ya kugawana ni ya wavivu. Nakataa. Wajaribu wao kusimama mwili umepoa, wakihesabu timu zinazowapita! Mpwa alipofika, vidole vilimtetemeka kufungua kamba ya kifundoni yenye chipu ya muda. Nikaivaa, nikatoka mbio kama mwizi. Tulikuwa wa nne kutoka mwisho. Shemeji hajaacha kuitangaza nafasi hiyo sokoni.