Filamu Haimaliziki Kamera Inapozimwa

Kila mwaka vijana wetu wengi, Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Unguja na kwingineko, hujichangisha fedha kidogo, huazima kamera, huwaomba jamaa na marafiki wawe waigizaji, kisha hutoka kwenda kupiga picha za filamu. Siku ya mwisho ya kazi hiyo hushangiliwa kwa makofi, na habari huenezwa kwamba filamu imekamilika. Baada ya hapo hufuata kimya. Mwaka hupita, wa pili hupita, na filamu ile haionekani ukumbini, wala katika televisheni, wala katika simu ya mtu yeyote. Ukiuliza utaambiwa iko kwa mhariri. Ukimwuliza mhariri atakuambia kwamba hajalipwa.

Jambo hili ni zito kuliko linavyodhaniwa. Filamu za namna hii hazitengenezwi kwa mikopo ya benki. Hutengenezwa kwa jasho la watu: mwigizaji aliyekubali kungoja ujira wake mpaka filamu iuzwe, mama aliyeitoa nyumba yake itumike kwa siku kumi, dereva aliyetoa gari na mafuta kwa ahadi tu. Filamu inapofia ndani ya kompyuta, watu hao wote wamedhulumiwa, hata kama hakuna aliyekusudia kuwadhulumu. Na mwakani, kijana mwingine atakapokwenda kuwaomba watu wale wale, watamfungia mlango.

Mzizi wa tatizo ni kwamba fedha yote, hata iwe kidogo namna gani, humalizwa katika kupiga picha. Mtengenezaji hukodi kamera kubwa kuliko mahitaji yake, huongeza siku tatu ambazo hakuzipanga, halafu hubaki mikono mitupu wakati kazi yenyewe ndiyo kwanza imefika katikati. Yafaa ieleweke kwamba filamu ina safari tatu: kupigwa picha, kutengenezwa mpaka iwe filamu, na kupelekwa kwa watu. Mwenye fedha kidogo anapaswa kuigawa kwa safari zote tatu kabla kamera haijawashwa. Ikiwa fedha haitoshi kwa zote tatu, basi aandike hadithi ndogo zaidi, yenye nyumba moja badala ya nne na waigizaji watano badala ya ishirini.

Wako wanaobisha kwa kutaja mfano wa Robert Rodriguez, kijana wa Texas aliyetengeneza El Mariachi mwaka 1992 kwa takriban dola 7,000, sehemu yake ikiwa ni malipo aliyopata kwa kujitolea mwili wake katika majaribio ya dawa. Mfano huo hutajwa sana mabarazani. Kinachosahauliwa ni kwamba fedha ile ilitoa filamu iliyokusudiwa soko la kanda za video tu. Studio ya Columbia ilipoinunua na kutaka kuionyesha katika majumba ya sinema, ilitumia fedha nyingi mara kadhaa kuliko kiasi hicho kuitengeneza upya sauti na kuihamishia kwenye filamu ya milimita 35, na nyingine tena kuitangaza. Kwa hiyo anayesema kwamba watazamaji wa ukumbini waliona filamu ya dola 7,000 anasema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza vijana wetu.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo filamu zetu nyingi hufia. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika hayasamehi hata siku moja. Filamu inaweza kuwa na mwigizaji hodari anayelia kwa uchungu wa kweli, lakini kama nyuma yake kunanguruma jenereta na pikipiki, ukumbi mzima utaanza kuzungumza. Maikrofoni ya kuazima iliyosogezwa karibu na msemaji ina thamani kuliko lenzi ya fedha nyingi. Kadhalika, kabla ya kuondoka mahali popote, kikosi kizima kinyamaze kwa dakika moja na ukimya wa mahali pale urekodiwe, kwani mhariri atauhitaji kuunganishia sauti zilizokatika. Dakika hiyo haigharimu hata senti moja. Sielewi kwa nini ni wachache wanaoitoa.

Jambo la pili ni muziki, na hapa uko mfano ambao kila mtengenezaji filamu wa fedha kidogo angefaa kuufahamu. Charles Burnett, Mmarekani Mweusi aliyekulia mtaa wa Watts mjini Los Angeles, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA alitengeneza filamu iitwayo Killer of Sheep, inayohusu mfanyakazi wa machinjio na familia yake. Aliipiga siku za mwisho wa juma, kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 16, akiwatumia zaidi watu wa mtaani kwake, na gharama yake haikufika dola 10,000. Aliikabidhi chuoni mwaka 1977. Mwaka 1981 ilipata tuzo ya wahakiki katika tamasha la Berlin, na mwaka 1990 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazostahili kuhifadhiwa daima.

Hata hivyo, kwa karibu miaka 30 filamu hiyo haikuweza kuonyeshwa kibiashara. Sababu yake? Burnett alitia ndani nyimbo za Paul Robeson, za Dinah Washington na za wengine, na haki za nyimbo hizo hazikuwa zimelipiwa. Kampuni ya Milestone ilipoamua kuitoa mwaka 2007, baada ya UCLA kuikarabati, malipo ya haki za muziki peke yake yalifikia dola 150,000. Filamu iliyogharimu chini ya dola 10,000 ilidaiwa zaidi ya mara kumi na tano ya gharama yake kwa ajili ya nyimbo! Na hata baada ya malipo hayo, wimbo mmoja haukupatikana, ikabidi mahali pake uwekwe mwingine.

Burnett hakuwa mwizi. Alikuwa mwanafunzi aliyetengeneza kazi ya shule bila kudhani kwamba siku moja itatafutwa na dunia. Vijana wetu wa leo hawana udhuru huo, kwa sababu wao hutengeneza filamu wakitaka ziuzwe tangu siku ya kwanza. Lakini bado huchukua wimbo wa Bongo Fleva unaovuma, au taarabu ya zamani, wakaubandika juu ya harusi au mazishi bila kumwuliza mwenye mali. Filamu ikiwekwa katika intaneti huondolewa, na ikipelekwa kwenye tamasha hudaiwa hati. Nchi hii haina upungufu wa wapiga zeze, ngoma, gitaa na kinanda. Mtafuteni mmoja wenu mtaani, mwandikiane mkataba wa ukurasa mmoja, naye awatungie muziki wenu wenyewe. Mkataba kama huo huo uandikwe na kila mwigizaji, tena kabla ya kazi, si baada ya ugomvi.

Filamu ikishakamilika na kukaguliwa na Bodi ya Filamu, ndipo huanza safari ya tatu, ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni kazi. Kwao, kutangaza ni kubandika picha katika mitandao siku mbili kabla ya onyesho. La hasha. Kutangaza huanza wakati picha zinapopigwa. Mtu mmoja mwenye kamera ya kawaida apewe jukumu la kupiga picha nzuri za waigizaji na za kazi inavyoendelea, maana bila picha hizo hakuna bango, hakuna habari gazetini, wala hakuna tamasha litakaloweza kuitangaza filamu. Ni ajabu ilioje kuona filamu ya saa moja na nusu ambayo mwenyewe hana hata picha moja safi ya kumpa mwandishi wa habari.

Haile Gerima, Mwethiopia aliyezaliwa Gondar na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alipomaliza filamu yake ya Sankofa mwaka 1993 hakupata msambazaji Marekani. Ilikuwa imeshindanishwa Berlin, lakini wenye makampuni hawakuitaka filamu iliyoueleza utumwa kwa macho ya watumwa wenyewe. Gerima hakukaa kuwalilia. Alikodi ukumbi Washington, akawaendea watu wa makanisa, vyama na shule, akawaambia: njooni, na mwambie jirani. Watu walijaa kwa wiki nyingi. Kisha filamu ikapelekwa mji baada ya mji, na kila ilipofika wenyeji ndio waliokuwa mawakala wake. Mwaka 2021 ilikarabatiwa na kusambazwa kwa Netflix, lakini kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuishi miaka 28 kwa miguu ya watu.

Kabla yake, Ousmane Sembène wa Senegal alikwisha kufanya hivyo barani mwetu. Filamu yake ya Mandabi ya mwaka 1968 aliitengeneza kwa Kiwolof ili mtu wa kawaida aielewe bila mkalimani, naye mwenyewe alizunguka na filamu zake vijijini akajadiliana na watazamaji baada ya onyesho. Aliiita sinema shule ya usiku.

Na kwetu hapa jambo hili si geni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 wakoloni Waingereza walikuwa na mpango wa kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na filamu hizo zilizungushwa kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani. Walitaka kutufundisha utii, lakini walijua kwamba filamu isiyokuwa na gari la kuipeleka ni bure. Baada ya uhuru magari ya sinema yaliendelea kufika vijijini, na wazee wengi wanakumbuka kitambaa cheupe kilichotandazwa kati ya miti miwili.

Ndipo tufike kwenye lawama ambayo si ya vijana peke yao. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Tulijivuna sote. Lakini mwananchi wa Nachingwea au Kasulu angeiona wapi? Majumba mengi ya sinema ya zamani yamegeuzwa maduka na maghala, na haya machache mapya yako katika miji mikubwa, kwa tikiti isiyolingana na kipato cha mkulima. Kilichobaki mitaani ni vibanda umiza, ambavyo huonyesha mpira na filamu za nje.

Kumbi, hata hivyo, zipo. Halmashauri zetu zina kumbi, vyuo vina kumbi, na mashirika yana kumbi ambazo usiku wa Jumamosi hukodishwa kwa harusi au hukaa gizani. Tamasha la ZIFF, lililoanza Zanzibar mwaka 1998, limekwisha kuonyesha kwamba filamu hupelekwa hata vijijini Unguja na Pemba, na watu huja. Projekta, kitambaa, spika mbili na jenereta ndogo huenea nyuma ya pikapu moja. Basi kila halmashauri itoe ukumbi wake Jumamosi moja kwa mwezi kwa filamu ya Kitanzania, bila kodi, na mapato yagawanywe kwa hesabu inayobandikwa mlangoni. Wenye vibanda umiza nao waitwe wapewe filamu kwa mkataba, badala ya kufukuzwa na kuitwa wezi. Na fedha ya kwanza itakayopatikana mlangoni iwalipe waigizaji waliongoja, kisha mama mwenye nyumba na dereva wa gari, ndipo mwongozaji ajilipe yeye.