Mwezi Mmoja Pemba na Picha Tulizozifuta

Tulipoteremka bandarini Mkoani, watoto walikwisha kuipiga picha bahari mpaka simu moja ikazimika. Tulikuwa tumekusudia kukaa mwezi mzima kisiwani Pemba, msimu wa karafuu, nyumbani kwa bibi mmoja mjane upande wa Wete, jamaa yetu wa mbali. Azma ilikuwa kurudi na picha za ukurasa huu. Siku ya kwanza bibi alituzungusha nyuma ya nyumba, akatuonesha mkarafuu uliokauka ambao marehemu mumewe aliupanda mwaka walipooana. Tuliutazama kwa adabu, tukapita.

Mtu aliyezoea Unguja hudhani Pemba ni pacha wake. Sivyo. Hapa nchi ni vilima na mabonde, mpunga chini na mikarafuu juu, na harufu humtangulia mgeni kabla hajaziona karafuu zenyewe zilizoanikwa juani juu ya majamvi. Mchana wachumaji hupanda mitini, na ujira wao huhesabiwa kwa pishi. Usiku nyumba nzima hukaa kitako kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, huku hadithi zikiendelea. Vidole vya watoto wa pale vina kasi ambayo wa kwetu hawakuifikia hadi tunaondoka.

Katika baraza hiyo ndipo tulipokosea. Usiku wa tatu tuliwapiga picha wanawake waliokuwa wakichambua, kanga zimewalegea mabegani kwa kuwa walijua wamo ndani ya ua wao. Bibi hakupandisha sauti. Aliinyooshea simu kidole, akasema: "Wanangu, nyinyi mlipofika mlipiga hodi. Hii nayo mbona haikupiga?"

Surat An-Nur tumeisoma tangu chuoni, na amri yake ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu tunawafundisha watoto. Hatukuwahi kufikiri kwamba jicho la simu nalo huingia nyumbani kwa watu. Tuliketi na bibi tukazipitia picha moja baada ya moja, tukafuta tisini na mbili. Binti yetu alilia kwa ajili ya mojawapo, na tuseme kweli, ilikuwa nzuri.

Kwa siku kadhaa tuliwageukia wasio na stara ya kuvunjiwa. Kule Kidike tuliwapiga picha popo wakubwa wala matunda, ambao hawapatikani popote duniani ila Pemba, na ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walihofiwa kutoweka. Kisha tukaenda Ras Mkumbuu, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Wako wanahistoria wanaoamini kuwa Qanbalu, kisiwa alichokitaja msafiri Al-Masudi wa Baghdad, ndicho hiki Pemba. Yeye aliondoka Qanbalu kurejea Oman mwaka 304 Hijria, yaani 916 Miladia, akaandika kwamba humo wanaishi Waislamu wanaosema lugha ya Wazanji. Mtoto wetu mdogo aliuliza kama naye aliomba ruhusa ya kuwaandika. Hatukuwa na jibu.

Wiki ya mwisho tulirudi kwa watu, safari hii kwa kuomba. Wengine walikataa, tukaagana kwa wema. Waliokubali waliingia ndani kwanza, wakatoka na mitandio iliyonyooshwa pasi, wakasimama kama askari. Ni picha ngumu hizo, hazina cheko, nasi tunazipenda kuliko zote.

Tuliporejea Dar es Salaam tulisafisha ishirini na tatu, tukampa msafiri mwaminifu azipeleke. Baada ya siku nne bibi alipiga simu. Alishukuru, akawataja waliomo mmoja mmoja, akacheka alivyosimama jirani yake. Kisha akauliza: "Na ule mti wa babu yenu?"

Tulifungua picha zote zilizobaki, zaidi ya mia nne, tukazitazama mara mbili. Mti ule haumo, hata kwa mbali.