Marafiki Wawili wa Liuli

Wapendanao wa Njombe na Makambako, hamjachoka kukaa ndani na masweta? Mwezi huu nawapeleka Ziwa Nyasa, mahali panapoitwa Liuli. Kutoka Makambako mnapita Njombe, Songea na Mbinga, mnashuka hadi Mbamba Bay, kisha mnafuata ufuo kuelekea kaskazini. Si safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Laleni Mbinga. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo masweta mtayavua wenyewe njiani.

Msitafute mnara wa taa kama ile ya baharini. Alama ya bandari ile ni jiwe kubwa. Wajerumani waliliona linafanana na Sphinx ya Misri, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, wakapaita Sphinxhafen.

Sasa kisa chenyewe. Enzi hizo Wajerumani walikuwa na meli yao ziwani, Hermann von Wissmann, nahodha wake Berndt. Waingereza walikuwa na Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Mabwana hawa walikuwa chanda na pete, wakikutana ni vinywaji tu. Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zikaingia vitani. Rhoades akapata taarifa, Berndt hakupata. Mwezi huo huo Gwendolen ikatokea Liuli na kuanza kuipiga mizinga Wissmann, ambayo wala haikuwa majini, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Berndt akaingia kwenye boti ndogo, akaenda kwa rafiki yake amefura, kumuuliza kama amelewa. Ndipo akaambiwa kuna vita, na kwamba yeye sasa ni mateka.

London walishangilia ushindi. Mimi namfikiria Berndt ndani ya ile boti, amekasirika kama mtu anayekasirikia mshikaji wake. Kuna nyumba zinaendeshwa hivyo hivyo: barua ya uhamisho iko mkobani wiki ya tatu, au mkopo umeshachukuliwa, na mwenzako bado anakutania mezani kama kawaida.

Mkifika Liuli, zimeni simu, agizeni ugali na usipa, mkae mnalitazama lile jiwe. Kama una habari ya namna hiyo, mpe hapo hapo. Usipa wakipoa, si neno. Njia ya kurudi Njombe ni ndefu, na kwa sehemu kubwa ni kupanda milima.