Bajeti: depite wetu, mwalimu anangojea kura yako



Masomo yalipashwa kufunguka tarehe 2 Septemba 2024. Katika majimbo mbalimbali ya inchi yetu, walimu wa shule za Leta, zaidi wale wa shule za kikatoliki, walikataa kurudi darasani. Waliomba mushahara wa dola 500. Na ku mutaa tukaanza kusikia: «Ba mwalimu hawa wanaharibisha mwaka wa watoto.» Siye tunasema wazi: tuko pamoja na walimu, na hasira ya wazazi iende pahali inapopashwa kwenda.

Februari 2004, Serikali na masendika ya wafanyakazi wa Leta walitia sahihi makubaliano ya Mbudi. Kufuatana na ngazi ya mishahara iliyowekwa pale, huissier, yule anayefungua milango na kupeleka barua, mutu wa chini kabisa, alipashwa kupata dola 208. Huissier! Miaka 20 imepita na walimu wengi wa primaire hawajafika hata pale. Kisha Mbudi yakaja makubaliano ya Bibwa. Mbudi, Bibwa: walimu wetu wanajua majina ya pembe za Kinshasa kuliko wanavyojua harufu ya feza yao.

Tunaunga mukono masomo ya bure, tena sana. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ya bure, na toka Septemba 2019 kifungu kile kilianza kutoka kwenye karatasi. Siye wengi tulifukuzwa darasani juu ya prime. Tulirudi nyumbani na daftari chini ya kwapa, mama akaenda kukopa kwa jirani. Hatutaki wadogo wetu waone tena mambo yale.

Lakini lazima tuseme gratuité ilimufanya nini mwalimu. Katika miji, prime ya wazazi ndiyo ilikuwa inamulisha. Siku moja ikakatwa. Leta ikasema: nitalipa mimi. Ikalipa sehemu, na wengine ikawaacha kabisa: walimu wa «nouvelles unités» na wale wote wasiolipwa, wanaofundisha miaka na miaka wakingojea jina lao litoke kwenye listi. Wakati huo huo watoto wakaongezeka darasani. Kwa maneno mengine, aliyelipa masomo ya bure ni mwalimu.

Halafu kuna mambo ya franka. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa karibu 1.650 FC. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2.800. Mwalimu analipwa kwa franka, lakini huku Butembo nyumba inalipwa kwa dola, na vitu vinavyopita Kasindi kutoka Uganda vinafuata dola. Kwa hiyo depite asituambie «mushahara uliongezwa» bila kutuambia soko lilikula ngapi. Na mwalimu wa vijiji vya Beni, mwenye kulipwa kupitia Caritas, kuna miezi anahesabu kwanza kama njia inapitika, sababu kwenye njia kama ile ya Mbau–Kamango ADF wameua watu wengi. Kuchukua mushahara kusiwe kuhatarisha maisha.

Kuna wazazi, watu wenye nia nzuri, wanaosema: turudishe prime kidogo tu, watoto wasome. Tunawaelewa. Ila prime yenyewe ilizaliwa hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Leta ya Mobutu ilishindwa kulipa na wazazi wakakubali kusaidia kwa muda. Ule «muda» ulipita miaka 25! Tena leo nani atalipa? Familia iliyokimbia Kanyabayonga ao Kirumba, inayolala kwa watu hapa Butembo, itatoa prime wapi?

Sasa, feza hiyo inapigiwa kura wapi? Siyo huku kwetu. Toka Mei 2021 tuko chini ya état de siège: jimbo linaongozwa na mwanajeshi, muji na polisi, na bunge la jimbo limesimamishwa. Hatuna baraza lolote la hapa la kuomba hata franka moja juu ya mwalimu. Kura inayobaki ni ile ya bajeti, Kinshasa, katika kikao kinachofunguliwa Septemba na kufungwa Desemba. Pale ndipo tuko na watu wetu, wale tuliowachagua tarehe 20 Desemba 2023.

Watu wa Beni na Butembo hawachezi na kura. Desemba 2018 tuliambiwa tungoje mpaka Machi, sababu ya Ebola na usalama, na rais akaapishwa bila siye. Tarehe 30 Desemba, watu wa Beni waliweka masanduku yao wenyewe, wakanawa mikono, wakapanga mustari, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Wewe depite, kura yako inahesabiwa. Wenzako wa 2021 feza ya kuwapa jeep ilipatikana. Kurefusha état de siège kila siku 15, wakati ulipatikana.

Tunachoomba kinaandikika kwenye mustari wa bajeti: mushahara wa mwalimu na wa wafanyakazi wote wa shule, huissier na sekretere pamoja, uongezwe, ukadiriwe kwa thamani isiyoyeyuka na franka, na wasiolipwa waingizwe kwenye listi na tarehe inayojulikana. Ahadi ya mudomo, hapana. Mbudi tunaikumbuka.

Vijana, kila mumoja wenu ana namba ya depite ao ya mutu wake wa karibu. Mumuulize swali moja tu: «Bajeti ya mwalimu utaipigia kura namna gani?» Jibu lake mutuletee. Siye tutatengeneza listi ya madepite wa Beni, Butembo na Lubero, jina kwa jina, na pembeni ya jina tutaandika alichosema na alichofanya. Aliyekaa kimya, tutaandika «alikaa kimya». Listi itatoka kabla ya 15 Desemba.