Msiniombe Radhi kwa Mbaazi

Mwaka jana nilikwenda Muheza kumsalimia Bibi. Nilifika saa saba mchana, na kabla sijavua viatu nikasikia harufu ya mbaazi za nazi kutoka jikoni. Hizo ndizo nilizozifuata. Nilikuwa nimechoka chipsi za chuoni, na safari nzima kwenye basi nilikuwa naziwaza. Nikatoa shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, kisha akanitania kama kawaida yake: "Mume wangu, umekonda. Kaa kidogo, mboga inakuja."

Mboga ipi tena, wakati sufuria ipo jikoni? Baada ya nusu saa mtoto wa jirani aliingia na nusu kilo ya nyama. Mbaazi zikafunikwa na kusogezwa pembeni. Tukala nyama ngumu, iliyopikwa haraka haraka kwa sababu mgeni alikuwa na njaa. Kesho yake asubuhi kijana wa buchani alikuja kudai hela yake.

Bibi alikuwa amekopa. Alikopa ili mjukuu wake anayesoma shahada ya uzamili asije akala mbaazi nyumbani kwake. Nililipa deni lile kwa nauli yangu, nikarudi Dar es Salaam nimekasirika. Bibi hakunikosea kitu. Waliomfundisha kuona aibu ni sisi.

Tazama tulivyolifanya neno mboga. Kwetu Tanzania mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali: nyama, samaki, dagaa, mchicha, maharage. Ni neno pana na la haki. Lakini lisikilize mgeni anapobisha hodi. "Leo hatuna mboga" maana yake hatuna nyama. "Tunakula majani tu" husemwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Mchicha upo kwenye bakuli, unafuka moshi, na mwenye nyumba anaapa kwamba hakuna kitu.

Najua mahali ambapo wengi wetu tulijifunzia dharau hii. Tuliosoma bweni tulikula maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, wadudu wakielea juu, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Nyama ilikuwa Jumapili. Miaka sita ya ratiba hiyo inatosha kumfundisha mtoto kwamba maharage ni adhabu na nyama ni sikukuu. Hakuna aliyetuambia kwamba kilichokosekana kwenye sufuria ile kilikuwa kitunguu, nazi, muda, na mpishi anayetujali.

Hoja yangu ni hii: chakula kisicho na nyama hakijashindwa kwa ladha. Tunakishinda sisi, kwa kukipika huku tunakidharau. Nyama tunaipa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na saa nzima ya uangalizi. Maharage tunayatupia magadi ili yaive upesi tuendelee na mambo mengine, halafu tunalalamika hayana ladha. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1. Kinachotakiwa ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoumiza tumbo. Ndiyo maana Bibi hupokonya sufuria mtu mwenye haraka.

Mbaazi nazo zina utaratibu wake. Nazi unaikuna na kuikamua mara mbili. Tui jepesi linaingia mapema, pamoja na kitunguu, bizari na pilipili nzima isiyopasuka. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na unakoroga taratibu. Ukiliacha lichemke kwa fujo linakatika, mafuta upande wake na maji upande wake. Mtu aliyekula mbaazi zenye tui lililokatika ana haki ya kulalamika. Amlaumu mpishi, aziache mbaazi.

Na kisamvu? Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi. Ukiyatwanga, unayavunja na kuifungua sumu ile. Ukiyachemsha muda mrefu bila kufunika, inaondoka na mvuke. Bibi hajawahi kulisikia neno sayanidi, lakini hajawahi pia kufunika kisamvu kinapoanza kuchemka. Hayo ni maarifa, tena ya kuokoa maisha, na sisi tunayaita chakula cha shida. Hata kande tulizozicheka shuleni zina hesabu yake: mahindi yana upungufu wa lisini ambayo maharage yanayo, na maharage yana upungufu wa methionini ambayo mahindi yanayo. Aliyeziunganisha hakuwa mjinga.

Hapa lazima nikiri. Mimi mwenyewe niliacha nyama kwa sababu ya pesa. Mwaka wa kwanza wa uzamili, ada ilipolipwa, sikubaki na cha maana. Wenzangu wa chumba waliponiuliza, nikasema ni mambo ya afya. Neno afya lilinipa heshima ambayo neno ukata lisingenipa. Nilikuwa nakula maharage yale yale, ila nimeyavalisha suti. Kwa hiyo ninaposema tumemfundisha Bibi aibu, najihesabu.

Uongo wangu ule sasa umekuwa mtindo wa mjini. Siku hizi wapo vijana wenzangu wanaoacha nyama kwa fahari, na hilo ni jambo jema, lakini mapishi yao yote yametoka ng'ambo. Wanatafuta boksi la maziwa ya lozi kwa bei ya kilo kadhaa za mchele, huku muuza nazi amekaa chini ya ngazi za nyumba yao. Wanasema haiwezekani kuoka kitu kizuri bila siagi, maziwa na oveni. Wamewahi kula mkate wa kumimina?

Mchele unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unasagwa na tui zito mpaka uwe laini kabisa. Unatia sukari, hamira na iliki. Tui liwe la uvuguvugu, kwa sababu la moto linaua hamira. Unaacha uumuke mpaka utoe mapovu, unaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto, kisha unafunika na kuweka mkaa juu ya mfuniko. Kanuni kubwa ndiyo hii: mkaa mwingi juu, mdogo chini. Ukigeuza, unapata mkate ulioungua kitako na mbichi kifuani. Wapo wanaoongeza ute wa yai. Wa Bibi hauna. Hauna siagi, hauna maziwa ya ng'ombe, na haujawahi kuiona oveni. Mkate huu una umri mkubwa kuliko mtindo wetu, na hakuna aliyeuona una upungufu.

Kuna atakayenijibu kwamba ni rahisi kuisifia mbaazi ukiwa na digrii, na kwamba wapo watoto wanaohitaji nyama, mayai na maziwa na hawavipati. Jibu hilo nalipokea. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na anayeacha vyote vya mnyama lazima aitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Madini ya chuma ya mboga za majani huingia mwilini kwa shida. Ndimu iliyokamuliwa mezani huyasaidia, na chai inayonywewa juu ya chakula huyazuia. Simwambii mwenye njaa akatae nyama. Nawasema sisi wenye uwezo wa kuchagua, ambao kila sherehe, kila kikao, kila mgeni, tunatangaza kwamba heshima hupimwa kwa kilo. Tangazo hilo humfikia na asiye na uwezo, naye huenda kukopa.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Mgeni akija kwako kesho, mwandalie maharage uliyoyaloweka jana. Kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, kamua nazi mbili, weka sufuria katikati ya meza, na usiseme samahani. Ukiwa wewe ndiye mgeni, omba uongezewe, tena kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Wiki iliyopita nilimpigia Bibi simu. Nikamwambia nakuja Jumamosi, na ninachotaka ni mbaazi, mbaazi peke yake. Akacheka sana, akasema nimeshakuwa mzee. Tukaongea habari za mvua na za mguu wake. Tulipokuwa tunaagana akashusha sauti, kama mtu asiyetaka jirani asikie.

"Sawa, mume wangu, mbaazi nitapika. Na nyama nichukue kiasi gani?"