Maoni: Tusiwakalishe wazee wetu kutwa nzima, tai chi inatuonyesha sababu

Katika familia nyingi za kwetu, heshima kwa mzee inaonekana kwa kiti. Koko akisimama kuchota maji ya kunywa, wajukuu wanamzuia: « Koko, kaa, tutakuletea. » Desturi hiyo inatoka moyoni. Lakini mwili unaokalishwa kila siku unapoteza nguvu za miguu kidogo kidogo, na siku koko atakapolazimika kuteremka ngazi peke yake, ataanguka.

Kuanguka siyo jambo dogo. Kufuatana na Shirika la Afya Duniani (OMS), watu wapatao 684 000 wanakufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu hiyo, na wenye kuzidi miaka 60 ndio wengi zaidi. Kwetu, mfupa wa nyonga ukivunjika, ukoo mzima unachanga pesa, na mara nyingi mzee hatembei tena kama zamani.

Ndiyo maana ninaandika juu ya tai chi, zoezi la Kichina ambalo wengi wetu tumeliona katika filamu na kulicheka kwa upole wake. Lilianza kama mchezo wa kupigana. Ukoo wa Chen, katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, unajulikana kwa zoezi hilo tangu karne ya 17. Katika karne ya 19, Yang Luchan alilifundisha Beijing. Mwaka 1956, serikali ya China ilitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24 ili raia wa kawaida wajifunze kwa urahisi. Leo, asubuhi, bustani za miji ya China zinajaa wazee wanaolifanya. Desemba 2020, UNESCO iliiandika tai chi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kanuni zake siyo siri. Mgongo unyooke, mabega yalegee, magoti yakunjwe kidogo. Uzito unahamishwa polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine: mmoja « unajaa », mwingine unabaki « mtupu », ndipo ule mtupu unapiga hatua. Mikono inafuata kiuno. Pumzi inakwenda bila kukatika, na akili inabaki pale mwili ulipo.

Anayedhani kwamba polepole ni kupumzika, ajaribu. Ukitembea haraka, mwendo wenyewe unakusukuma. Ukienda polepole, misuli ya mapaja na nyayo ndiyo inayokubeba. Misuli hiyo hiyo inamwokoa mtu anapojikwaa.

Mwaka 2012, gazeti la kitabibu New England Journal of Medicine lilitangaza utafiti uliofanyika Oregon, Marekani, kwa wagonjwa 195 wa Parkinson. Waliofanya tai chi mara mbili kwa juma, kwa miezi sita, walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, na walianguka mara chache zaidi.

Tusidanganyane: tai chi haiponyi kila ugonjwa. Atakayekuambia uache dawa za presha au za kisukari kwa sababu unafanya tai chi, mkimbie. Mwenye maumivu ya magoti au kizunguzungu aone kwanza daktari, na anayeanza ashikilie mgongo wa kiti.

Wengine watasema: watu wanakimbia vita, nawe unatuletea mchezo wa Wachina? Ninajibu kwamba katika eneo ambako familia inaweza kuhama usiku kwa miguu, miguu ya mzee siyo anasa. Asiyeweza kutembea ndiye anayebaki nyuma.

Tena hatuanzi kutoka sifuri. Miji yetu ina vilabu vya karate, judo na kung fu, na walimu wanaojua namna ya kusimama na kuhamisha uzito. Wajifunze miondoko michache ya tai chi, kisha wafungue saa moja kwa juma kwa ajili ya wazee wa kartie, bila kelele na bila mashindano. Vifaa havihitajiki, uwanja tambarare unatosha. Nasi nyumbani, koko akitaka kusimama, tusimzuie. Tusimame naye.